Kurasa Mbili za Droo ya Vijiko

Ijumaa ile nilikuwa na kazi mbili, chai na stepla. Chai ndiyo niliyoajiriwa nayo. Stepla si yangu, lakini katika Ofisi ya Uratibu kazi isiyo na mwenyewe hunifuata jikoni, na asubuhi hiyo zilinifuata orodha tatu, ya kijani, ya njano na ya waridi, nizibane zikae mezani kabla ya saa nane mchana. Saa nane Mkubwa angetia saini.

Ofisi yetu haigawi kitu. Wanaogawa ni wengine: Afya wanatoa kadi za matibabu kwa kaya maskini, Chakula wanatoa mgao wa kila mwezi, Kilimo wanatoa mbegu na mbolea. Kazi yetu sisi ni kuwakutanisha ili wasigongane. Na walikuwa wanagongana kweli. Kuna kaya zilikuwa zinapata kwa wote watatu, na ya jirani, hali ile ile, haipati hata punje. Ndipo Mkubwa akatoa neno lake: kaya moja, mlango mmoja. Jina likionekana katika orodha mbili au tatu, libaki katika moja tu, na nafasi zitakazopatikana waingizwe waliokuwa wanaambulia kutazama. Aliyasema hayo mimi nikiwa natoa vikombe mezani, na moyoni nikaona ni haki.

Niliona ni haki ingawa mama yangu alikuwa katika orodha zote tatu. Sifichi. Mama ana sukari, anajichoma sindano asubuhi na jioni, miguu haimpi raha, na nyuma ya nyumba ana kishamba cha kumtosha mtu mmoja kuinama na kuinuka. Niliposikia habari ya mlango mmoja nilijua atapoteza viwili kati ya vitatu, nikajipanga. Chakula tungetafuta. Mbegu tungeomba kwa jirani. Kadi ya matibabu tu ndiyo niliomba isiguswe, kwa sababu dawa yake inatoka kwa kadi ile, na pale kwenye dirisha la zahanati hawaangalii sura ya mtu, wanaangalia orodha. Dawa iliyokuwa nyumbani, kichupa tulichokifunga kwenye mfuko na kukitumbukiza kwenye mtungi wa maji kisipate joto, ilikuwa ya kumfikisha Jumanne. Orodha mpya zingeanza kutumika Jumatatu.

Kwa hiyo nilipokuwa nabana, nilikuwa natafuta.

Nilianza na kijani, orodha ya Afya. Nikafika kwenye kata yetu, nikafika kwenye mtaa wetu, nikateremka na kidole. Jina la mama halikuwepo. Nikajiambia sawa, basi wamemwacha kwa Chakula, nitaenda kulia kwa watu wa Afya huko mbele ya safari. Nikachukua ya njano. Hakuwepo. Nikachukua ya waridi, mikono imeanza kuloa jasho hadi karatasi inanasa. Hakuwepo. Nikarudi kijani nikasoma upya, kwa kufuata namba ya kaya safari hii, maana majina watu huyakosea lakini namba ya mama naijua kama ninavyojua mlango wetu. Hakuna jina, hakuna namba.

Mtu akifutwa sehemu mbili anabaki na ya tatu. Mama alikuwa amefutwa sehemu tatu.

Sikupiga kelele. Nilizima jiko, nikavuta droo ya vijiko.

Ndani ya droo ile, chini ya vijiko, kulikuwa na kurasa mbili za orodha nyeupe. Orodha nyeupe ilikuwa mama wa hizi tatu. Ofisi ya Takwimu ndiyo iliyoitengeneza: majina yote pamoja, na mbele ya kila jina vyumba vitatu, cha Afya, cha Chakula na cha Kilimo, na alama ya vema katika kila chumba ambacho kaya ile inapata kitu. Jumatatu ya wiki iliyotangulia nilitumwa kuitoa kopi. Mashine ikatafuna, wino ukamwagika pembeni, na kurasa zilizoharibika nikaambiwa nitupe. Mimi karatasi ya upande mmoja situpi. Mbili nilizitandika kwenye droo, na kusema kweli sikuzichagua kwa bahati. Zilikuwa za mtaa wetu.

Nikaondoa vijiko, nikaziweka kurasa zile karibu na dirisha. Mama alikuwa na vema tatu. Fundi viatu asiyeona, wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alikuwa na vema mbili. Mjane wa nyumba ya kona mwenye wajukuu watano alikuwa na tatu. Nikachukua orodha mpya, nikaanza kumtafuta mmoja mmoja. Fundi viatu hayupo kwa yeyote. Mjane hayupo. Bibi mmoja wa mtaa wetu mwenye mguu mmoja, naye alikuwa na vema mbili, hayupo. Kisha nikamtafuta kinyozi, ambaye alikuwa na vema moja ya mbegu, na ambaye ana nyumba nyingine anapangisha na kila mtu anajua. Kinyozi yupo, ametulia kwenye waridi kama bwana harusi.

Hapo nikaelewa, na nikaelewa pia kwamba nimeshika mpini wa hilo jambo kwa mkono wangu mwenyewe.

Maagizo ya Takwimu yalikuwa kwamba orodha nyeupe iende kwa zamu. Nakala moja tu. Ianzie Afya, wafute wanaowaachia wengine, wairudishe. Ile ile, na mistari yake, iende Chakula. Ikirudi iende Kilimo. Yeyote wa mwisho angeona nani ameshafutwa wapi, na asingemgusa aliyebaki na mlango mmoja. Lakini siku ya saini ilisogezwa mbele, na karani mkuu wetu akaona zamu zitatuchelewesha. Akaniambia nitoe kopi tatu, nizipeleke zote siku ile ile. Nikazipeleka kwa miguu yangu, jengo hadi jengo, nikasainiwa kwenye daftari. Kila ofisi ikakaa na nakala yake, ikaona vema katika chumba cha mwenzake, ikasema huyu ana mtu wa kumtazama, ikafuta. Wote watatu, wiki moja, kwa kalamu safi. Ni kama ndugu watatu wanaotoka asubuhi kila mmoja akijua mwenzake amembakizia mgonjwa maji ya kunywa.

Waliopona ni wenye mlango mmoja tangu mwanzo. Waliokuwa na shida nyingi ndio wamefutwa kabisa.

Karani mkuu wetu tunamwita Muhuri, kwa sababu anatembea na muhuri mfukoni hata akienda chooni. Si mtu mbaya. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu na aliihesabu kwa sauti. Nilimkuta anakata kucha juu ya kapu la taka, nikamweleza taratibu, nikamwonyesha kurasa mbili. Alizitazama muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Umesoma nyaraka za serikali," alisema.

"Nimezibana, mzee. Macho yalikuwa wazi."

Hakucheka. Alinyanyuka akafunga mlango, akaniuliza ni jina gani nililoanza kulitafuta. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa nalo tayari, akaniambia niketi, jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Akanieleza kwa upole kwamba nikifungua mdomo, hakuna atakayeuliza habari ya zamu. Watauliza mpika chai alikuwa anatafuta nini katika orodha ya maskini, na jibu ni mama yake. Watasema anataka kumrudisha mzazi wake kwa mlango wa jikoni. Nitatoka mimi, na mama hatarudi. Wiki ijayo, saini ikishatiwa, angenisindikiza yeye mwenyewe kwa watu wa Afya tukaombe.

"Jumanne dawa inaisha," nilisema.

"Mwanangu, hata mimi nina miezi minne."

Akanirudishia karatasi zangu, akasema nirudi kwenye stepla.

Nilirudi. Nilibana zote, sikuruka hata moja. Lakini saa ya chakula, wenzangu walipotoka, nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikachukua kipande cha karatasi na kuandika namba za kaya zote za kurasa zile mbili zilizokuwa na vema zaidi ya moja, ambazo sasa hazipo popote. Nilizitafuta moja moja katika rangi zote tatu kabla ya kuandika, nisije nikaaibika. Zilikuwa kumi na tano. Niliandika kumi na nne. Ya mama sikuiandika. Maneno ya Muhuri yalikuwa yameniingia, na nilitaka yeyote atakayeisoma karatasi ile asinikute ndani yake. Nikajiambia wakigundua kosa watalirekebisha lote, na mama atatoka na wenzake.

Kilichobaki ni mtu wa kumpa. Mkubwa sikuweza kumfikia, na wajumbe watatu wa Afya, Chakula na Kilimo ndio waliofuta. Ila kulikuwa na mama mmoja wa Takwimu, mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, tuliyempa jina la Mama Nukta kwa sababu alishawahi kurudisha ripoti nzima kwa ajili ya nukta moja. Anakunywa chai kavu. Na ana tabia moja niliyoiona kwa miezi mingi: akiwekewa kikombe, kabla hajanywa hunyanyua kisahani na kufuta meza chini yake kwa kitambaa, hapendi duara la maji karibu na karatasi zake.

Saa nane kasoro dakika kumi niliiweka karatasi yangu chini ya kisahani chake.

Waliingia wakiwa wamechangamka. Mjumbe wa Afya ni kijana wa suti, anaongea kama anasoma habari. Wa Chakula ni bwana mnene mwenye utani na kila mtu. Wa Kilimo ni mrefu, mkimya, na akisema neno huwa la kuuma. Mkubwa aliketi mwisho wa meza, mzee wa sauti ndogo ambaye watu huacha kupumua ili wamsikie. Muhuri alisimama nyuma yake na kalamu ya saini katika kiboksi chake. Mimi nilianza kumimina.

Nilipofika kwa Mama Nukta nilimimina kupita kiasi, chai ikalamba ukingo wa kikombe. Akaninong'oneza nisijali. Akatoa kitambaa, akanyanyua kisahani. Akaiona karatasi. Akavaa miwani, akaisoma juu hadi chini, akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya faili lake. Akanywa chai.

Basi. Hakugeuka, hakuniangalia, hakuuliza kitu.

Mkutano ukaendelea. Mjumbe wa Afya alisimama akasema kwamba kwa mara ya kwanza hakuna jina hata moja linalojirudia katika orodha tatu. Hata moja. Wakapiga makofi. Wa Chakula akasema tangu aanze kazi hajawahi kuona orodha zilizotakata hivi, mpaka anaogopa kuzishika. Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na chupa ya chai, nimeikumbatia na inaniunguza kifua, nikimtazama Mama Nukta. Alikuwa anafungua kurasa za kijani polepole. Kisha za njano. Nilidhani anazisoma tu, kama anavyosoma kila kitu.

Muhuri akafungua kiboksi. Mkubwa akashika kalamu.

"Kabla ya saini," Mama Nukta alisema, "naomba kuuliza kaya moja. Namba mia nne kumi na saba. Iko wapi?"

Mjumbe wa Afya akatabasamu, akaangalia karatasi zake. Alisema hiyo kwao ilifutwa kwa kuwa iko Chakula.

"Kwetu?" bwana wa Chakula akauliza. Akalamba kidole, akafungua. "Hapana, sisi tumeitoa. Ilikuwa na kadi ya matibabu. Iko kwenu, kijana."

"Kwetu haipo, mzee. Tuliwaachia nyinyi."

"Mliniachia mimi nikiwa nimewaachia nyinyi? Basi iko Kilimo."

Mjumbe wa Kilimo hakufungua chochote. Alisema kaya hiyo haijawahi kuwa kwao, ni fundi viatu kipofu, angelima nini. Kumbe alimjua. Wakatazamana. Mama Nukta akataja namba nyingine, na mambo yakawa yale yale, ila safari hii wa Kilimo naye alikuwa amefuta. Akataja ya tatu. Mpaka ya nne hakuna aliyekuwa anatabasamu, na bwana wa Chakula alikuwa anajifuta shingo.

Mkubwa aliweka kalamu chini bila kuifunika. Akauliza ziko ngapi.

Mama Nukta akafungua karatasi yangu. "Hapa nina kumi na nne."

Chumba kizima kilishusha mabega. Kumi na nne. Katika maelfu, kumi na nne ni vumbi. Bwana wa Chakula alirudiwa na utani wake, akasema hao hata kwenye gari lake wanaenea wakijibana. Mjumbe wa Afya akasema ziongezwe kwa kalamu mwishoni mwa orodha, ofisi yake itazipokea zote kumi na nne, asipite mtu bila mlango. Mkubwa akafikiri, akasema ni sawa, ziandikwe, kila mjumbe aweke saini ndogo pembeni, na shughuli imalizike. Muhuri alikuwa ameshachukua rula.

Zote kumi na nne, na zote kwa Afya. Kadi ya matibabu. Nilisimama pale nikiangalia Mama Nukta anavyosoma namba na Muhuri anavyoandika kwa mwandiko wake mzuri, na kila namba ilipotajwa niliona mlango wa mtu unafunguliwa, wa fundi viatu, wa mjane, wa bibi wa mguu mmoja, na wetu nimeuruka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikuwa nimemficha mama vizuri kiasi kwamba hata waokoaji hawakumwona.

Namba ya kumi na nne ikaandikwa. Muhuri akakausha wino kwa kupuliza. Mkubwa akanyanyua kalamu.

"Ni kumi na tano," nilisema.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Wote waligeuka, na nadhani baadhi yao ndiyo mara ya kwanza walijua nina sauti. Mkubwa akaniuliza nimesema nini. Nikarudia. Akauliza ninajuaje.

"Karatasi hiyo nimeiandika mimi, mheshimiwa. Ya kumi na tano sikuiandika."

"Kwa nini?"

"Ni ya mama yangu."

Mjumbe wa Kilimo aliangalia kikombe chake. "Sasa tumejua chai ya leo ilitiwa nini," alisema. Bwana wa Chakula akacheka puani, kisha akaacha. Muhuri alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekuonya usipite njia ile.

Mkubwa hakucheka wala hakukasirika. Alinitazama, akamgeukia Muhuri, akasema iandikwe ya kumi na tano, tusipoteze muda. Akaniuliza namba. Nikaitaja, na ulimi haukukwama. Nikaiona inaandikwa. Namba ya mama, wino mbichi, katika orodha ya Afya. Nilichokitafuta tangu saa tatu asubuhi kilikuwa pale mezani, na kilichobaki ilikuwa mimi kushika chupa yangu ya chai na kutoka nje.

Niliufikia mlango. Nasema kweli, mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa. Lakini nilikuwa nimezitoa kopi zile mimi. Najua bunda lile lilivyokuwa zito.

"Mheshimiwa," nilisema, "hizo kumi na tano ni za kurasa mbili tu. Ndizo zilizokuwa kwenye droo yangu ya vijiko."

"Sijakuelewa."

"Kurasa zilizoharibika. Nilitandikia droo. Nyingine sikuwa nazo, sikuweza kuzitazama."

Ilikuwa Mama Nukta aliyeuliza, ingawa yeye ndiye aliyeitengeneza orodha ile na hakuwa na haja ya kuuliza. "Orodha nyeupe ina kurasa ngapi, mwanangu?"

"Mia tatu na kumi na mbili, mama."

Mama Nukta alipiga hesabu ya kurasa zote kwa kiwango cha zile mbili. Aliandika jumla kwenye kona ya faili, akaizungushia duara, akamsogezea Mkubwa bila kuisoma. Mkubwa aliitazama. Nje kulikuwa na mtu anapiga honi, akanyamaza, akapiga tena. Mjumbe wa Afya alianza kusema kwamba si lazima kila ukurasa uwe hivyo, Mkubwa akanyanyua kidole kimoja na kijana akaketi.

Kisha Mkubwa akauliza swali nililokuwa naliogopa. Orodha ilitakiwa iende kwa zamu, nakala moja. Nani alizipeleka tatu kwa siku moja?

"Mimi," nikasema. Daftari la kusainisha lilikuwa na mwandiko wangu, ningekataa nini. Sikuongeza neno. Nilikuwa namwona Muhuri kwa pembe ya jicho, rula bado mkononi, na sikumgeukia. Saa ya ukutani mle ndani ina mshale unaoruka, kila sekunde unakwaruza. Nilihesabu kumi na moja.

"Nilimtuma mimi," Muhuri alisema. "Aliniletea habari hii asubuhi. Nikamwambia abane karatasi."

Mkubwa alifunika kalamu. Ule mlio mdogo wa kifuniko nausikia mpaka leo. Akasema orodha mpya hazitoki. Za zamani ziendelee kama zilivyo, na kurasa zote mia tatu kumi na mbili za orodha nyeupe zisomwe upya hapa hapa, nakala moja, meza moja, wajumbe watatu wakae bega kwa bega, na anayetaka kufuta jina amwangalie mwenzake usoni kwanza. Wa Kilimo akasema huko juu wanasubiri saini leo, wameshatangaziwa. Mkubwa akajibu kwamba anajua, ndiyo maana simu iko upande wake wa meza. Akatuomba tutoke. Nilipokuwa nafunga mlango nilimwona ameweka mkono juu ya mkono wa simu, hajainyanyua.

Kabla ya saa kumi nilipewa barua ya onyo, kwa kusoma na kuhifadhi nyaraka zisizonihusu. Muhuri ndiye aliyeipiga chapa, akaigonga muhuri, akaniletea jikoni mwenyewe. Yeye alikuwa na ya kwake, imekunjwa katika mfuko wa shati.  Kisha akavuta droo yangu, akaona bati tupu, akairudisha.

"Hii usije ukaitandika," alisema. "Nunua kitambaa."

Jumatatu niliwahi kazini, nikaomba ruhusa ya saa moja, nikarudi nyumbani kumchukua mama. Nilimpeleka mama zahanati kabla jua halijawa kali, yeye ameshika kadi mkononi tangu tulipotoka nyumbani. Sikuwa nimemwambia. Nilimwambia tu kwamba leo nataka kwenda naye, akanitazama, akasema mwanangu, wewe una jambo, akaacha hapo. Foleni ilikuwa ndefu. Mjane wa nyumba ya kona alikuwa mbele yetu na mjukuu mgongoni. Mimi shingo nimeirefusha, naangalia mgawa dawa ameshika nini mikononi. Kama ameshika kijani, ambayo Afya walikuwa wameshaitanguliza zahanati, basi tangazo la kuisimamisha halijamfikia, na saini au si saini mama angerudi mikono mitupu.

Alikuwa ameweka ubao mbele yake na karatasi zimebanwa, sioni rangi kwa sababu ya mwanga wa dirishani. Mjane akafika. Akaulizwa namba. Kidole kikashuka, kikapanda, kikashuka. Akapewa bahasha ya vidonge, akaondoka analalamika kwamba ni vichache.

Mama akasogea, akataja namba yake kwa sauti ya watu wanaoogopa kukosea. Kidole kikaanza kushuka. Hapo ndipo upepo ukainua kona ya karatasi. Ilikuwa ile ya zamani, imechakaa, kingo zimekuwa kahawia kwa kushikwashikwa.

Kidole kilisimama.

"Mama, mbona umeganda?" mgawa dawa alisema. "Chukua dawa yako, wenzio wanasubiri."

Mama alikipokea kichupa, akakifunga katika kitambaa alichokilowesha maji nyumbani, akakitia kifuani. Njiani aliniuliza kama sitachelewa kazini, nani atawapikia chai wakubwa. Nikamwambia leo wako watatu kwenye meza moja na karatasi moja, wamekaa tangu saa mbili, na nilivyowaacha hata ukurasa wa kwanza walikuwa hawajakubaliana.

"Basi wahi," alisema. "Na sukari uwatilie wote sawa."